Siku Tuliyompata Shefu wa Pili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifikia, najua, lakini wewe ndiye uliyenirudisha mlangoni kila nilipoingia bila salamu, na sitaki unirudishe leo nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanaonitazama.

Juzi tulikuwa tunaangua nazi. Mkwezi alipomaliza, Mama akakaa barazani na dafu lake, akiringa kwamba la kwake ndilo tamu kuliko yetu sote, nami nikatazama juu nikaiona minazi yako yote imesimama. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Mama akauliza, "Ya nini tena?" Nikamwambia, "Ya Salimu wa Gazi." Akacheka mpaka akapaliwa na maji ya dafu.

Hapo ndipo nilipoona nikuandikie. Na barua hii siifungi. Anayetaka kuisoma na aisome, jirani ampe jirani, kwa sababu mambo yale yangekuwa wazi tangu mwanzo tusingetokwa na jasho kiasi kile.

Siku hizi, Baba, watu wanatapeliwa kwa simu kila uchao. Mtu anapata ujumbe kwamba ameshinda gari, ameitwa kazini Uarabuni, amependwa na mzungu mjane, na akishaliwa, majirani wanaimaliza kesi kwa neno moja: tamaa. Mimi hunyamaza. Nakukumbuka wewe, mtu uliyekuwa ukimkimbiza mteja na upawa mkononi ili umrudishie chenji aliyoisahau, na bado ukaimeza ndoana ile mpaka kooni. Tamaa haikuwa kwako. Kilichokuvuta ni kitu kingine, na nimechukua miaka mingi kukielewa.

Uliingia ile hoteli ya Diani kuosha masufuria, ukafika mahali ukawa Shefu Bakari. Hivyo ndivyo walivyokuita, kuanzia askari wa getini hadi meneja, na wageni walikuwa wakiomba utoke jikoni wakushike mkono. Kisha ukaja mwaka wa ghasia za Likoni. Wageni wakaondoka, vitanda vikafunikwa, na nyinyi wafanyakazi mkaambiwa nendeni nyumbani, mtaitwa. Koti lako jeupe lilikuwa nyumbani kwa kufuliwa siku hiyo, na hakuna aliyekuja kulidai. Mama akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango, likabaki pale.

Ukafungua karai kando ya barabara pale Ukunda: viazi, bajia, achari ya ukwaju. Kazi hukuidharau hata siku moja, na viazi vyako vilikuwa vikiisha kabla ya magharibi. Lakini jina lilibadilika, ukawa Mzee wa Viazi. Siku moja alipita kijana uliyemfundisha mwenyewe kushika kisu, amepata kazi Mombasa, akakwambia, "Mzee, nifungie haraka, gari linaniacha." Hakuwa na ubaya, alikuwa na haraka tu. Ulimfungia, ukamwongezea achari. Ulipofika nyumbani ulisema huna njaa, na sisi sote tulijua njaa unayo.

Ndiyo ile miaka Ukunda ilipopata duka la kompyuta zenye mtandao. Mwenyewe alikuwa Maina, kijana wa bara mwenye maneno mengi na moyo mzuri, aliyewafungulia anwani nusu ya walioachishwa mahotelini. Mlikuwa mkituma maombi ya kazi kila pembe ya dunia. Mimi ndimi niliyekuwa karani wako, nimemaliza kidato cha nne, nachapa kwa kidole kimoja. Siku ile Maina alituita tukiwa bado barabarani: "Mzee, kuna kitu imeingia yako. Hii iko moto, wacha nikuambie."

Tukakaa. Nikaanza kukusomea, nikigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza: "Mpendwa Shefu Bakari." Ukainua mkono. "Rudi hapo mwanzo." Nikarudi. Nikaendelea mbele kidogo, ukainua mkono tena. "Mwanzo, mwanangu. Polepole." Nilikutazama, nikaona mabega yako yamepanda, umekaa kwenye kiti cha Maina kama ulivyokuwa ukikaa kwenye picha za zamani. Yaliyofuata katika barua ile ya kompyuta wala hayakuwa na kazi tena. Tayari ulikuwa umekwenda.

Yaliyofuata, kwa wasomaji wasioyajua, ni haya. Meli kubwa ya watalii imetia nanga bandari ya mbali. Mpishi mkuu wake ameugua tumbo ghafla, hawezi kusimama. Nahodha amesikia sifa za mkono wako na anakutaka uje ushike jiko. Tuma picha ukiwa na vazi la kazi. Tuma na ada ya kibali na ya daktari, itarudishwa ukipanda. Fanya haraka, meli haisubiri. Na usimwambie mtu yeyote mpaka uwe ndani, kwa sababu wenye wivu ni wengi.

Mtu wa nje akisoma hapo atacheka. Mimi nimeyatafakari, Baba, na sioni mahali ambapo ungeponyoka. Kwanza, yule mgonjwa. Ulipotoka dukani neno lako la kwanza lilikuwa, "Maskini, mtu wa watu anaugua tumbo baharini, hana mama wala mke wa kumkandia maji ya moto." Ukawa unamwombea dua kila baada ya swala. Tapeli alitupa chambo cha haraka, nawe ukakipokea kwa huruma. Mtu unayemwombea dua huwezi kumshuku.

Pili, ile siri. Mtu wa kwingine angejiuliza kwa nini kazi ya halali inafichwa. Sisi je? Kwetu kila la heri hufichwa. Mimba hufichwa, posa hufichwa, safari ya Maka haitajwi mpaka mtu ameshika tiketi, kwa kuogopa kijicho cha watu. Nahodha aliposema usimwambie mtu, wewe ulimwona ni mtu aliyelelewa vizuri. Ulisema kabisa, "Huyu ana adabu zetu."

Na tatu, lile swali ulilonitupia njiani: "Sisi hatukumwandikia mtu wa meli. Basi amejuaje kama mimi ni shefu?" Sikuwa na jibu ila lile ulilolitaka, kwamba sifa zako zimefika. Nililisema na nililiamini. Baba akisifiwa, binti gani ataomba ushahidi?

Tukaenda studio. Ulivaa lile koti, ukashika upawa tulioubeba ndani ya kikapu chini ya khanga ili watu wasiuone, ukasimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mpiga picha akakwambia utabasamu. Ukasema shefu jikoni hatabasamu, anaangalia moto. Nakala moja Maina akaituma. Zilizobaki tukarudi nazo.

Mama ulipomweleza alikuwa anapepeta mchele. Alisema, "Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, Baba Mariamu." Ukamjibu, "Hata wewe?" Maneno mawili tu, akanyamaza. Nilidhani ameshindwa hoja. Baadaye aliniambia alinyamaza kwa sababu tangu hoteli ifungwe hakuwa amekuona ukitembea wima ndani ya nyumba yako, na hakutaka awe yeye wa kukukunja tena. Hivyo ndivyo matapeli wanavyopata wasaidizi wasiowalipa. Wanaokupenda nao wanafunga midomo.

Ikabaki ile ada, na ndani hamkuwa na kitu. Kulikuwa na minazi uliyoachiwa na baba yako. Bwana Omari wa dukani alikubali kuichukua rehani: atakupa fedha, na nazi zitakuwa zake mpaka umlipe. Watu wa mjini hawajui uzito wa jambo hilo. Shamba la minazi likiwa rehani huangui hata dafu la kumpa mgeni aliyezimia mlangoni. Ukishindwa kulipa, watoto wako wanaokota makumbi chini ya minazi ya babu yao kwa ruhusa ya mtu mwingine. Wewe ulijua haya kuliko sisi. Uliswali istikhara, ukangoja ndoto. Asubuhi Mama akakuuliza umeona nini. Ukasema, "Nimelala kama gogo." Ukaichukulia kuwa ni ndiyo.

Kwa desturi yetu rehani ya minazi haifanywi chumbani. Mwenye shamba na mpokeaji hutembea na mashahidi, wanaugusa mnazi mmoja mmoja ili kesho asitokee wa kusema huu ulikuwamo na huu haukuwamo. Ukapanga iwe Ijumaa baada ya alasiri, na Bwana Omari ukamwambia ni kwa shughuli ya familia. Wala hukusema uongo.

Siku mbili kabla ya hapo Mama alikwenda Msambweni kwenye arusi. Unawajua wanawake wetu wakikalia mbuzi kukuna nazi: mikono inafanya yake na midomo inafanya yake. Kando yake alikaa Mwanakombo wa Gazi, mke wa Salimu. Salimu alikuwa mtunza bustani pale pale hotelini kwenu, yule aliyekuwa akikuletea maua ya kupambia sahani. Mwanakombo alikuna, akakuna, siri ikamshinda. Akamwinamia Mama. "Shoga yangu, usimwambie mtu, lakini mume wangu ameitwa melini."

Mama akaendelea kukuna. "Kukata majani?"

"Majani gani baharini? Jikoni. Wamemwandikia Shefu Salimu."

Mama aliniambia kwamba hapo alikuna mpaka akafika kwenye kifuu na hakujua. Salimu, Baba. Mtu ambaye chai huchemshiwa.

Angeweza kurudi nyumbani akakwambia palepale. Mimi ningefanya hivyo. Yeye aliniita uani akasema, "Baba yako ameitwa kwa jina lake. Nikimwambia hakuitwa, ataniona mimi ndiye niliyemwibia. Haya hasemi mke wala mtoto. Yatajisema." Akakuomba Ijumaa upike, kwa kuwa amealika wageni wa chakula cha mchana. Ulifurahi. Ulisema utafanya mazoezi ya mezani kwa ajili ya meli.

Ulipika samaki wa kupaka, na wali wa nazi ambao kila punje ilisimama peke yake. Mlitoka swala ya Ijumaa, Salimu akaingia na kanzu iliyopigwa pasi, mkewe nyuma yake ananiangalia kwa wasiwasi. Mkala. Salimu alipoanza kulamba vidole, Mama akamuuliza kwa ile sauti yake ya kuuliza bei ya mchicha.

"Salimu, safari yako imefikia wapi?"

Salimu akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sinia.

"Safari gani?" ukauliza wewe.

"Ni jambo dogo, Kaka Bakari. Halijatimia bado. Wajua tena macho ya watu."

"Hapa hapana hasidi," Mama akasema. "Umekula wali wetu."

Salimu akasafisha koo. "Nimeitwa kwenye meli ya watalii."

Nikaona tonge limesimama mkononi mwako. "Meli ina bustani?"

"Wanitaka jikoni. Wameniandikia Shefu Salimu, wallahi."

"Wewe?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikasema pengine huko melini kila mtu huanzia ushefu. Mama watoto anifundisha. Yai nishaliweza."

Hakuna aliyecheka. Ulirudisha tonge kwenye sinia, taratibu, ukalisawazisha na wali mwingine kama mtu anayefukia kitu.

"Shefu wao ameugua," ukasema.

"Tumbo, maskini, ghafla kabisa." Salimu akakugeukia. "Wewe umejuaje?"

"Na wakakwambia usimwambie mtu."

"Mpaka nipande."

Nilikuwa nimesimama na birika la kunawia mikono, sijui niende mbele au nirudi nyuma. Nilikuwa naogopa, Baba. Niliogopa mabega yale yatashuka mbele yangu na hayatapanda tena. Ulikuwa unatazama mikono yako. Kisha ukasema, kama unayejisemea mwenyewe, "Nami nimemwombea dua yule mgonjwa. Kila swala."

"Na mimi," Salimu akasema. "Hata leo msikitini."

Mkatazamana. Sijui nani alianza. Nakumbuka tu mabega ya Salimu yakitikisika, na wewe ukijaribu kujizuia, kisha nyote wawili mmelala ubavu kwenye mkeka mnacheka bila sauti, mnafuta macho kwa viganja vyenye wali. Mama akacheka, Mwanakombo akacheka kwa kuogopa kwanza, kisha kwa kweli. Najua machozi yako hayakuwa ya kicheko yote. Nilikuona. Lakini ulikuwa nayo pamoja na mwenzako, na hilo ndilo lililoniondolea hofu. Aibu ya mtu mmoja ingekulaza kitandani. Ya wawili iligeuka utani.

Salimu alisema baiskeli yake ilikuwa imepata mnunuzi, anakuja kuichukua Jumapili. Ukamwambia, "Ipande urudi nayo Gazi, na ufunge mlango."

Tulikuwa tumesahau alasiri. Hodi ikapigwa, na pale uani amesimama Bwana Omari na mashahidi wawili, wamevaa viatu vya kuingilia shambani. Nikajiuliza, ungewaambia nini watu hawa? Wewe ukainuka, ukaenda nyuma ya mlango, ukalitungua lile koti jeupe, ukalivaa, ukafunga vifungo vyote. Ukachukua sinia la pili lililobaki jikoni, ukalitoa nje kwa mikono miwili.

"Karibuni, Bwana Omari. Nimewaita mle."

"Na minazi?" Omari akauliza.

"Minazi ipo. Chakula kinapoa."

Bwana Omari alikutazama, akalitazama koti, akamtazama Salimu mwenye macho mekundu mlangoni. Mtu wa bara angetaka maelezo, lakini yeye alivua viatu, akakaa, akanawa. Adabu ile ile ya kutouliza, iliyokaribia kutuangamiza, siku hiyo ilitusitiri. Walikula mpaka sinia likang'aa. Alipokuwa anaondoka alikushika mkono akasema, "Mungu akuweke, Shefu." Hakuwa anakudai wala kukuomba kitu. Alikuwa ameshiba tu.

Kesho yake ulilivaa koti kwenye karai. Watu wa Ukunda walikutania siku ya kwanza, wakazoea siku ya pili, na kabla mwezi haujaisha hakuna aliyekuita Mzee wa Viazi. Ilikuwa "Shefu, niwekee," "Shefu, pilipili kidogo." Maina naye alipoelezwa mkasa wote alishika kichwa akasema, "Sasa mbona hamkuambiana? Wote mlikuwa mnakaa kwa hii hii kiti." Ukamwambia hiyo ndiyo kazi ya siri, kijana.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia, Baba. Baada ya pale ulikuwa ukijiita mjinga kwa mzaha, mbele ya wageni, nami nilicheka pamoja nao. Hukuwa mjinga. Ulikuwa na njaa ya jina lako, na mwizi alipita akilitaja. Angelitaja mtu mwingine yeyote kabla yake, hata yule kijana uliyemfundisha kisu, barua ile ingepita kama upepo. Nafarijika sana kwamba miaka iliyobaki hukukosa wa kukuita.

Ile picha ya studio tumeitundika ukumbini. Ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya wewe ukiwa Shefu, na tuliipata kwa agizo la tapeli, Mungu amsamehe, maana mimi bado.

Na nina moja la mwisho. Shule ya chekechea niliyokuwa nikifundisha imefungwa tangu mwaka jana, na tangu hapo mimi ni Mama Fulani tu mtaani. Jana simu ikalia ujumbe: "Mpendwa Mwalimu Mariamu, tumesikia sifa zako." Nakuapia, Baba, mabega yangu yalipanda. Nilirudi mwanzo nikasoma tena. Nikakuona kwenye kile kiti cha Maina, na nikajua ulichokisikia.

Kisha nikatoka nao barazani, nikausoma kwa sauti mbele ya Mama na majirani waliokuwepo, wote, hadi mwisho, na ile ada, na ile siri. Mama alisikiliza macho ameyafumba. Nilipomaliza akasema, "Mpigie Salimu, umuulize kama naye ameshakuwa mwalimu."

Nilimpigia. Ameshakuwa.

Lala salama, Shefu wetu. Minazi ipo.

Mimi binti yako na karani wako,
Mariamu